‘Mwalimu, hiyo roboti italisha nani?’

Kila shule zinapofungwa mwezi wa sita, wazazi huniuliza kama na sisi walimu tunakwenda kupumzika. Mwaka huu wa 2025 jibu langu lilikuwa fupi: hapana, mimi nakwenda shule. Nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya kata, upande wa Ilemela hapa Mwanza. Likizo yote ya Juni niligawanya mambo matatu: kujifunza mimi mwenyewe, kuwafundisha watoto kutengeneza roboti, na kusaidiana na wazazi kutafuta fedha za vifaa.

Nayaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu, kwa sababu nimeona jambo moja. Kilichoamua nani atajifunza na nani hatajifunza hakikuwa kompyuta, wala fedha. Kilikuwa muda wa mtoto. Na muda huo, hasa wakati wa likizo, uko mikononi mwa mzazi au mlezi.

Mwalimu naye ni mwanafunzi

Sisi tuliosoma kompyuta chuoni miaka iliyopita tulifundishwa zaidi kuandika barua, kupanga majedwali na kutengeneza mawasilisho. Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika kwa hatua Januari 2024, unalo somo la Sayansi ya Kompyuta kwa sekondari, na somo hilo linamtaka mtoto aandike programu, yaani aipe mashine maelekezo yake mwenyewe. Huwezi kumfundisha mtoto kuogelea kama wewe unaishia kwenye magoti.

Kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa na mwalimu mwenzangu anayefundisha Sengerema. Yeye ana uzoefu wa umeme, mimi nina uzoefu wa programu. Jumamosi mbili za kwanza alivuka kwa kivuko pale Busisi, na muda wa kuanza somo ulitegemea foleni. Tarehe 19 Juni Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Jumamosi iliyofuata mwenzangu alifika kabla sijamaliza chai.

Tulipakua masomo usiku, bando linapokuwa nafuu, na asubuhi tukayafanyia mazoezi bila intaneti. Tulijifunza kutumia Arduino, bodi ndogo inayoenea kiganjani ambayo ilianza kutengenezwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Uzuri wake ni kwamba michoro yake iko wazi, kwa hiyo viwanda vingi vinaitengeneza na bei yake si ya kutisha.

Roboti ni nini hasa?

Wazazi wengi wakisikia roboti wanafikiria mtu wa chuma anayetembea na kuongea kama kwenye sinema. Darasani tunaieleza kwa maneno matatu: kuhisi, kuamua, kutenda. Mashine inapokea habari kutoka nje, inazilinganisha na maelekezo iliyopewa, kisha inafanya kitu. Ikifanya yote matatu yenyewe, hiyo ni roboti, hata kama ina ukubwa wa kopo la maziwa.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kigari kinachokwepa vikwazo. Macho yake ni kihisi, au sensa kama mafundi wanavyoiita, kinachotoa mlio mwembamba ambao sikio la binadamu halisikii, kisha kinasubiri mwangwi urudi. Popo hufanya hivyo hivyo gizani. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Jiwe likiwa sentimita 34 mbele, mlio unakwenda na kurudi sentimita 68, na safari hiyo inachukua sekunde 0.002. Bodi inapima muda huo, inapata umbali, inaamua kukata kona.

Mtoto mmoja wa kidato cha pili aliandika hesabu hiyo ubaoni, akageuka akasema, “Kumbe mwendo ni umbali gawanya kwa muda ina kazi!” Fomula hiyo alikuwa ameikariri siku nyingi. Siku ile aliiona ikitembea.

Uwanja wa majaribio hatukuutafuta. Mwanza mawe yako kila mahali. Kigari kilikwepa mawe na ukuta vizuri, lakini kilipokutana na sweta lililoning’inia kwenye kiti kiliingia moja kwa moja. Watoto walicheka, halafu wakaanza kubishana. Baada ya majaribio ya nusu saa wakapata jibu wenyewe: kitambaa laini kinameza sauti, mwangwi haurudi vizuri, na mashine inaamini njia ni nyeupe.

Seymour Papert, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, aliamini kuwa mtoto anajifunza vizuri akiwa anatengeneza kitu anachokijali. Yeye na wenzake nchini Marekani walitoa lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo mwaka 1967, na baadaye watoto waliitumia kuendesha roboti yenye umbo la kobe iliyochora sakafuni. Kwake yeye programu iliyokosewa haikuwa aibu, ilikuwa kitu cha kukagua na kurekebisha. Sweta lile lilifundisha hayo kuliko maelezo yangu ya wiki nzima.

Fedha ilivyopatikana

Sasa tuje kwenye michango, neno linalowafanya wazazi wengi wafunge pochi.

Tangu mwaka 2016 ada imefutwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya kulazimishwa katika shule za umma. Wazazi wanaikumbuka miaka ya nyuma, mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha ya dawati. Hawataki irudi, na mimi sitaki. Mwalimu anayeshika fedha ya mzazi mkononi anajitafutia matatizo, hata akiwa na nia njema.

Kwa hiyo kikao cha wazazi cha mwishoni mwa Mei kilifanyika mbele ya mkuu wa shule na wajumbe wa bodi. Tulikubaliana mambo manne. Hakuna mtoto atakayezuiwa kwa sababu mzazi wake hajatoa. Fedha inaingia akaunti ya shule tu. Wazazi wawili, mmoja mama na mmoja baba, wanakwenda na mwalimu kununua. Na risiti zote zinabandikwa ubao wa matangazo na kupigwa picha kwenye kundi la WhatsApp.

Kisha nikaweka hesabu mezani. Kwa bei tulizozipata, seti moja ilikuwa hivi: bodi shilingi 35,000, kihisi cha umbali 6,000, kifaa cha kuendeshea mota 9,000, mota mbili 10,000, nyaya 5,000, betri na kishikio chake 10,000, kihisi cha mvua 4,000 na kengele ndogo 1,000. Jumla 80,000. Watoto walikuwa 32, makundi manne ya watu wanane, kwa hiyo tulihitaji 320,000.

Baba mmoja, dereva wa daladala, alisema, “Mwalimu, mimi nilidhani roboti ni mamilioni.” Wengi walidhani hivyo. Mzazi akiona bei ya kila kitu, hofu inapungua na mazungumzo yanaanza.

Kikundi kimoja cha vikoba cha akina mama kilitoa 60,000. Wazazi wanaofanya kazi Mwaloni Kirumba hawakutoa fedha; walileta dagaa kwa sado, tukauza kwa majirani na walimu, zikapatikana 84,000. Wazazi mmoja mmoja walituma kwa simu kwenye akaunti ya shule, wengine 1,000, wengine 5,000, zikafika 131,000. Walimu tuliongeza 45,000. Zikatimia 320,000, na hakuna aliyetajwa jina kwa kutotoa.

Waliokosa fedha walituletea vitu: redio mbovu, printa iliyokufa, kandambili zilizokatika. Kandambili zikawa magurudumu. Fundi mmoja wa Makoroboi, eneo la mjini lililopata jina kutokana na koroboi zilizokuwa zikitengenezwa pale kwa makopo, alitukatia bati la kuundia vigari bila kututoza hata senti. Alisema, “Mimi nimelisha familia kwa makopo. Wao wafanye yao.”

Bibi na kalenda ya mwezi

Fedha ilipotimia nilitegemea kuona watoto 32 siku ya kwanza. Lakini wiki moja kabla ya kufunga shule, binti mmoja wa kidato cha kwanza alinifuata ofisini. Ni mtulivu, na kwenye hesabu za mantiki anawazidi kaka zake wote wa darasa. Akasema hatakuja. Likizo ni ya dagaa.

Anaishi na bibi yake karibu na Igombe, ufukweni. Nilikwenda kumsalimia bibi. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye chanja.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Huyu mjukuu wangu kafanya kosa?”

“Hapana, bibi. Amefanya vizuri sana. Nimekuja kumwombea nafasi ya kusoma likizo hii. Tunatengeneza roboti.”

Nilimweleza roboti ni nini. Alisikiliza bila kuacha kazi, akauliza, “Mwalimu, hiyo roboti italisha nani?”

Wazazi wenzangu, swali hilo si la ujinga. Bibi yule analisha watu watano kwa dagaa. Mjukuu akikosekana asubuhi moja, kuna mzigo unaochelewa kuanikwa, na dagaa asiyekauka vizuri siku hiyo hiyo anashuka thamani. Akinyeshewa ndiyo basi tena, anakwenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kwa familia kama hiyo muda wa mtoto ni fedha, na mimi nilikuwa nimekwenda kuuomba bure.

Sikumwambia kwamba roboti italeta utajiri, kwa sababu hilo si kweli. Nilimwambia mtoto huyu ana kichwa cha kazi hii, na kwamba masaa mawili kwa siku, siku tatu kwa wiki, yangetosha.

Alinyamaza kidogo, kisha akanipa jibu ambalo hakuna kitabu cha ualimu kingenipa. “Mwezi ukiwa mkubwa, mchukue. Giza likianza, nirudishie.”

Wanaokaa ziwani wameelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti vizuri, mitumbwi mingi inalala, na kazi ya kuanika inapungua. Mbalamwezi ya Juni ilikuwa tarehe 11, na mwezi ulikuwa unaandama tarehe 25. Kwa kalenda ya bibi, binti alikuwa na siku zake mwanzoni mwa likizo, na mwishoni hakuwa nazo.

Tulianza Jumatatu ya tarehe 9, asubuhi, na watoto wote 32 walikuwepo. Kuanzia katikati ya mwezi viti vikaanza kuwa wazi. Siku moja nilihesabu tisa hawapo, na saba kati yao walikuwa wasichana. Si bibi mmoja tu aliyekuwa na kalenda ile. Nikauliza wazazi kwenye kundi ni saa ngapi mzigo unakuwa umeanuliwa. Jibu likaja: saa kumi jioni.

Tukahamisha darasa. Saa kumi hadi saa kumi na mbili, mpaka likizo inakwisha. Katika wale tisa, saba walirudi. Binti wa Igombe alikuja siku mbili katika tatu, akiwa na mdogo wake wa miaka minne mgongoni au kando yake, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Mtoto yule alipewa kazi ya kuweka mawe mbele ya kigari. Aliifanya kwa bidii kuliko sote.

Mashine haijui mvua

Kundi la binti yule ndilo lililoamua kutumia kihisi cha mvua kwa ajili ya dagaa. Wazo lao: kibao kidogo kinafungwa kwenye chanja, tone likigusa, kengele inalia ndani ya nyumba.

Bibi aliuliza swali la kitaalamu kuliko letu sote. “Inajua mvua kabla haijanyesha?” Mjukuu akamjibu ukweli: hapana, inajua tone la kwanza tu. Bibi akacheka. “Basi mimi naishinda. Mvua naisikia harufu ikiwa bado iko ng’ambo.”

“Na ukiwa umelala, bibi? Au umekwenda Kirumba?”

Bibi hakujibu. Lakini aliruhusu kifungwe.

Juni hapa hakuna mvua, kwa hiyo walinyunyiza maji kwa kikombe. Kengele ililia, wakashangilia. Usiku wa kwanza kikalia saa kumi alfajiri na kuwaamsha wote, mbingu ikiwa na nyota. Ulikuwa umande.

Siku iliyofuata tulisoma somo ambalo naamini hawatalisahau. Mashine haijui mvua. Inajua namba. Kibao kikiwa kikavu, bodi inasoma namba iliyo karibu na 1,023. Maji yakiongezeka, namba inashuka. Umande unaishusha kidogo, tone la mvua linaishusha sana. Binadamu ndiye anayechagua mpaka, kwamba chini ya namba fulani piga kengele. Binti alikaa na daftari, akapima umande, akapima maji ya kikombe, akapima na maji yanayochuruzika kutoka kwa dagaa wabichi, kisha akachagua 400. Tangu siku hiyo hakijalia bure.

Kitafaa vipi mvua zikianza? Tutajua vuli ikifika, kuanzia Oktoba. Bibi amekubali kikae pale pale hadi wakati huo. Amesema kwa sharti moja, kwamba kikimwamsha bure tena atakitupa ziwani.

Ziwa hili limewahi kuona makubwa zaidi. Oktoba 2018 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana hapa Mwanza kwenye mashindano ya Lake Victoria Challenge, wakirusha ndege zisizo na rubani kwenda Kisiwa cha Juma, kuona kama dawa zinaweza kufikishwa visiwani kwa njia hiyo. Watoto wetu wakati huo walikuwa wadogo wa kutazama angani tu. Nataka safari ijayo wawe miongoni mwa waliobeba bisibisi.

Mzazi ufanye nini?

Huhitaji kuwa fundi wala kuwa na kompyuta nyumbani. Kwa nilichokiona likizo hii, mambo haya yanawezekana katika nyumba nyingi.

Kwanza, mpe mtoto saa zinazojulikana. Si lazima ziwe nyingi. Masaa mawili ambayo hakuna atakayemwita kuchota maji au kwenda dukani yana thamani kuliko siku nzima ya kukatizwa. Mwangalie zaidi binti, kwa sababu kazi za nyumbani humwangukia yeye kwanza. Kama kaka yake anaweza kuosha vyombo siku tatu kwa wiki, binti anapata darasa.

Pili, mwambie mwalimu ukweli wa kalenda yako. Kama ni msimu wa pamba, mpunga au dagaa, sema. Mwalimu hawezi kuhamisha somo kwa sababu asiyoijua.

Tatu, mchango ukiombwa, uliza. Ni wa hiari? Umeruhusiwa na uongozi? Fedha inaingia akaunti gani? Risiti zitaonekana wapi? Mwalimu mwenye nia njema hachukii maswali hayo, yanamlinda na yeye. Na kama huna fedha, redio mbovu nayo ni mchango.

Nne, mwache afungue vitu vibovu, lakini kwa mipaka. Redio ndogo, tochi na vidude vya kuchezea vya betri ni salama vikitolewa betri kwanza. Televisheni ya zamani yenye mgongo, jiko la maikrowevu na chochote kilichochomekwa ukutani asiguse, maana baadhi vinahifadhi umeme hata vikizimwa. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe kabisa, inaweza kuwaka moto.

Tano, kama kuna kompyuta mahali, iwe ya ofisini kwako au ya jirani, muulize mwalimu kuhusu Scratch. Ni programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, mtoto anapanga maelekezo kama anayepanga matofali. Inaweza kuwekwa kwenye kompyuta na kutumika bila intaneti, na lugha ya Kiswahili imo. Mdogo wa shule ya msingi anaweza kuanza nayo.

Muhula wa pili umeanza. Seti zetu nne ziko kabatini, zimeandikwa namba, na risiti bado ziko kwenye ubao wa matangazo, yeyote aje asome. Klabu sasa inakutana Jumatano jioni, saa kumi. Wazazi wanakaribishwa kukaa nyuma na kutazama, na wakitaka kuuliza roboti italisha nani, waulize kwa sauti ili watoto wasikie. Ni swali ambalo mtengenezaji yeyote anapaswa kulijibu kabla hajashika waya.